Mvuvi Yu Baharini: Vina, Mizani na Sikio la Msikilizaji

Mtunzi wa mashairi anatambulika hata akiwa kimya. Mtazame vidole vyake. Ameketi barazani jioni, kikombe cha kahawa kimepoa mbele yake, na kidole gumba kinagusa ncha za vidole vingine kimoja baada ya kingine. Midomo inachezacheza. Anafika mwisho, anatikisa kichwa, anaanza upya. Hana kalamu wala karatasi. Anapima mizani, na kipimo chake ni sikio.

Sasa mtazame mwanafunzi wa sekondari usiku wa kuamkia mtihani wa Kiswahili. Mbele yake kuna daftari lenye orodha ndefu: kina, mizani, mshororo, ukwapi, utao, kibwagizo, sitiari, tashbihi, tashihisi, takriri, inkisari, tabdila. Anazikariri mbiombio kama majina ya mito na milima. Kesho ataulizwa ataje bahari, yaani aina, ya shairi, aonyeshe uhuru wa mshairi, na kama yuko Kenya huenda akaambiwa auandike ubeti wa tatu kwa lugha nathari. Pengine atapata alama zake. Lakini uliza kama shairi lenyewe aliwahi kulisoma kwa sauti, na mara nyingi jibu ni kwamba hakulisoma. Ana jina la kila kiungo, na mwili wenyewe hajausikia ukipumua.

Mazungumzo haya, kwa hiyo, yanaanzia kwenye sikio. Ufuatao ni ubeti mmoja, umetungwa kwa ajili ya kipindi hiki tu. Msikilizaji aufuate polepole, na kama yuko peke yake auseme kwa sauti:

Mvuvi yu baharini, tanga limeshachanika,
Mkewe yu ufuoni, kanga inapeperuka,
Taa yake mkononi, mafuta yamekauka,
Upepo tua jamani, baba apate kufika.

Hicho kifungu kizima ndicho ubeti. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ya asili ni nyumba. Kwa washairi wa Kiarabu, nyumba hiyo ni mstari mmoja tu wenye pande mbili. Waswahili waliipokea nyumba wakaipanua, ikawa ya vyumba vinne. Kila mstari ni mshororo, na kila mshororo hapa umekatwa katikati kwa pumzi ndogo, ukatoa vipande viwili. Vipande vya mbele ndivyo ukwapi, vya nyuma ndivyo utao. Ubeti ukiwa na kipande cha tatu, hicho huitwa mwandamo, maana kinawaandama wenzake.

Mizani je? Neno ni lile lile la mezani pa muuza samaki na ghalani mwa karafuu. Kinachopimwa hapa ni silabi. M-vu-vi yu ba-ha-ri-ni: 8. Ta-nga li-me-sha-cha-ni-ka: 8. Jumla 16, na mishororo yote minne inalingana. Sikio la Mswahili linajua kupima hata pale jicho linapodanganyika. Chukua maneno mawili, mbwa na mbuzi. Machoni, mbuzi ni refu zaidi. Kwenye mizani yote mawili yana 2: m-bwa, mbu-zi. Ile m ya mbwa inasimama peke yake na kubeba mkazo, ile ya mbuzi imeegemea silabi iliyo mbele yake. Vivyo hivyo taa ina 2, mtu ana 2, nchi ina 2. Mtoto anayefundishwa kupiga makofi silabi kwa silabi huling'amua jambo hili kwa dakika chache kabla hajajua kueleza sababu yake.

Kina kinahitaji uangalifu wa aina hiyo hiyo. Karibu maneno yote ya Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo kufananisha irabu peke yake si kazi kubwa, na mapokeo hayakubali kwamba hiyo yatosha. Kina ni silabi nzima. Chanika, peperuka, kauka, kufika: yote yanatua kwenye ka. Mtunzi angeandika kwamba mafuta yamekwisha, maana ingebaki pale pale na mizani ingepungua kidogo tu, lakini sikio lililokwisha kuzoea ka mara mbili lingekwaa kwenye sha. Katikati nako kuna baharini, ufuoni, mkononi, jamani. Hivyo ndivyo vina vya kati, na vile vya ka ni vina vya mwisho.

Hapo ndipo inapoonekana kazi ya kile ambacho vitabu vya shule hukiita uhuru wa mshairi. Sema: mvuvi yuko baharini. Mizani zimekuwa 9. Mtunzi amechukua umbo fupi la zamani, yu, na kipande kikakaa sawa. Neno likifupishwa ili mizani zitimie, hiyo ni inkisari. Likirefushwa kwa sababu hiyo hiyo, ni mazda. Herufi ikibadilishwa ili kina kipatikane bila mizani kuongezeka wala kupungua, ni tabdila. Mpangilio wa maneno ukigeuzwa, husemwa kwamba ameboronga sarufi. Jina hilo la mwisho lina ukali usiostahili, maana mtunzi hodari haborongi kitu. Anahamisha neno kama fundi anayehamisha tofali ili ukuta unyooke. Na uhuru huo una mpaka. Mtunzi anayekata kila neno na kubadilisha kila herufi ili afikie kina anaonyesha tu kwamba msamiati umemwishia.

Mshororo wa mwisho ukirudiwa katika kila ubeti, huwa kibwagizo, wengine wakisema kiitikio au mkarara. Majina haya yanaeleza kazi. Kiitikio ni cha kuitikia, kumaanisha kuna mtu wa pili: kuna hadhira inayongoja zamu yake. Katika ukumbi wa harusi au kwenye taarabu, anayeghani hutangulia na waliopo hupokea. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kiitikio ni mshororo unaojirudia amepewa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni wale watu.

Sasa utamu wenyewe: ubeti ule ule, bila kubadilisha maneno yake, unaweza kubadilika umbo mbele ya msikilizaji.

Ondoa kipande cha mwisho kabisa, ubaki na "Upepo tua jamani" peke yake mwishoni. Mishororo mitatu mirefu, mmoja mfupi unaokatika ghafla kama kamba ya jahazi. Huo tayari ni msuko. Rudisha kipande hicho, kisha ubeti wa pili uanze na maneno yale yale yaliyofunga wa kwanza, "Baba apate kufika", na wa tatu uanze na mwisho wa wa pili. Beti zimeshikana kama pete za mkufu, na ndiyo maana bahari hiyo huitwa pindu, au mkufu. Vina navyo vina mambo yake. Beti zote zikibaki na ni katikati na ka mwishoni, shairi ni mtiririko, kama maji yasiyobadili mkondo. Kimoja kikibaki na kingine kikabadilika, ni ukara. Vyote viwili vikibadilika ubeti kwa ubeti, ni ukaraguni.

Na kuna jambo jingine limejificha humo. Chukua vipande vitatu vya ukwapi, kisha malizia na kipande kimoja tu cha utao:

Mvuvi yu baharini,
Mkewe yu ufuoni,
Taa yake mkononi,
Mafuta yamekauka.

Huo ni ubeti wa utenzi, kamili. Mishororo minne, kila mmoja mizani 8, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina chake ambacho kitarudi mwishoni mwa kila ubeti hadi utenzi uishe, hata zikiwa beti 1,000. Kwa umbo hili jepesi Waswahili walisimulia vita, maisha ya mitume, na wosia wa wazazi. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Bwana Mwengo wa Pate na mwaka 1728, ulitumia umbo hili kwa kisa kirefu cha vita. Zaidi ya karne moja baadaye, kwenye visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake wosia wa beti zinazozidi kidogo 100. Mama anayezungumza na mwanawe akiwa kitandani hahitaji mshororo mrefu wa mizani 16. Anahitaji pumzi fupi, na kina kimoja kinachorudi mara kwa mara ili mtoto akikumbuke. Utenzi ulimfaa.

Neno bahari nalo lina safari yake. Al-Khalil bin Ahmad, mwanazuoni wa karne ya 8 aliyezaliwa Omani na kuishi Basra, ndiye aliyepanga vipimo vya mashairi ya Kiarabu akavipa jina hilo. Alihesabu bahari 15, na mwanazuoni aliyemfuata akaongeza ya 16. Kipimo chake kilitegemea silabi fupi na ndefu. Washairi wa pwani walichukua jina wakaacha kipimo, kwa kuwa Kiswahili hakitenganishi silabi kwa namna hiyo. Wakajenga bahari zao wenyewe, na nyingi hazikuzaliwa vitabuni kabisa: wawe ni nyimbo za wakulima shambani, kimai ni za watu wa baharini. Ibrahim Noor Shariff alilisisitiza jambo hili katika Tungo Zetu mwaka 1988, kwamba ushairi wa Waswahili ni mpana kuliko mafunzo ya darasani yanavyouonyesha. Hakukosea. Orodha ya bahari katika daftari la mwanafunzi ni kikombe kilichochotwa tu.

Umbo likishajulikana, ndipo tamathali za semi zinapoingia, na hapa wanafunzi wengi huchanganyikiwa kati ya tashbihi na sitiari. Tofauti iko kwenye kiunganishi. Ukisema mke wa mvuvi amesimama kama mnazi, umetumia tashbihi. Ukisema mke wa mvuvi ni mnazi, umetumia sitiari. Kile kidaraja cha kama, mithili ya au mfano wa kimeondolewa, na vitu viwili vimekuwa kimoja. Mfano mkubwa zaidi wa zote mbili uko katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ambao mishororo yake ina mizani 10. Mshairi anauzungumzisha moyo wake kuhusu dunia. Mara dunia ni bahari iliyochafuka. Hakuna kama hapo. Mahali pengine kuna mfano wa taa iliyowekwa penye upepo, ambayo hakuna wa kuizuia isizimike. Kisha anayaingia majumba ya matajiri wa Pate yaliyokuwa yaking'aa kwa taa na vyombo vya thamani, na anayakuta yamekaliwa na popo. Taswira ya popo hao ina nguvu kuliko hotuba nzima juu ya upotevu wa mali.

Katika ubeti wetu mke wa mvuvi anauambia upepo utue. Upepo hauna masikio, lakini unaambiwa kama mtu. Hiyo ni tashihisi, au uhuishi. Na taa isiyo na mafuta? Msomaji anaweza kuichukua kuwa taa tu. Anaweza pia kuona kwamba tumaini la mama huyu linakauka pamoja na mafuta, na hapo taa imekuwa taashira. Picha kama hiyo ikiendelea shairi zima, huku jambo lenyewe likiwa halitajwi, ni jazanda. Washairi wa Kiswahili wameitumia jazanda wakati kusema waziwazi kulikuwa na gharama. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga wakati ambao Wamazrui, watawala wa mji huo, walikuwa wakivutana na Seyyid Said, Sultani wa Omani, na mafumbo yake yalitembea sokoni na bandarini. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 baada ya kuandika waraka ulioihoji serikali. Aliandika mashairi gerezani, kwenye karatasi za chooni, na baada ya kutoka mwaka 1972 yakachapishwa kwa jina Sauti ya Dhiki. Humo mna shairi liitwalo Mamba. Anayelisoma akidhani kwamba linahusu mnyama wa mtoni tu hajalifikia.

Tafsida, kejeli, chuku na balagha hazina ugumu. Kila mtu huzitumia mchana kutwa. Anayesema jirani amejifungua ametumia tafsida. Anayesema amengoja basi mwaka mzima ametia chuku. Darasani inatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba tayari anazo mdomoni.

Tanakali za sauti, hata hivyo, zinastahili muda zaidi kuliko zinavyopewa, kwa kuwa humo Kiswahili ni tajiri sana. Jiwe linatumbukia majini chubwi. Nazi inaanguka pu. Watu wanakaa kimya ji, maji yametulia tuli, nguo imelowa chepechepe. Hata rangi zina sauti zake: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Hakuna Mswahili atakayesema nyeusi pe. Sikio litamkatalia papo hapo, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha kanuni hiyo. Mshairi anayejua kuipanga tanakali mwishoni mwa kipande huwa amepata kina na sauti ya tukio kwa silabi moja.

Lilitokea nini, basi, hata istilahi hizi zikahama kutoka sikioni na kuwa mambo ya kukariri? Uchapaji una sehemu yake. Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilifungua kurasa zake kwa mashairi, na watunzi wa bara na pwani wakapata uwanja mpana wa kuulizana na kujibizana. Faida ilikuwa kubwa. Lakini shairi lililochapishwa linaweza kusomwa kwa macho tu. Na mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, pamoja na diwani yake. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Baadaye angekuwa Meya wa Dar es Salaam na waziri. Kitabu hicho ndicho shule zilichokitegemea kwa miaka mingi. Watu wamekumbuka neno sheria. Wamesahau kwamba ndani yake Kaluta alishikilia kuwa shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani za kimapokeo, na mzozo mkubwa ukazuka. Upande mmoja ulisema hayo si mashairi. Upande wa pili ulisema vina ni pingu. Mzozo huo ulileta vitabu na mawazo mazuri, lakini kwa sehemu kubwa ulipita kando ya jambo lenyewe. Shairi huru lisilo na kina bado lina mapigo: lina takriri, lina mahali pa kupumua, lina neno linalorudi baada ya kimya. Na shairi lenye mizani 16 timilifu linaweza kuwa limekufa kabisa, kama mwandishi alihesabu bila kusikiliza. Kuhesabu ni kazi ya vidole, na mtihani mzuri wa tungo zote mbili ni mmoja: isemwe kwa sauti, mbele ya mtu.

Walimu wa Kiswahili wanaweza kuanza na hilo wiki hii. Kabla ya kuandika neno ukara ubaoni, darasa lighani shairi. Mwanafunzi mmoja aanze, wengine waitikie. Wapige makofi kwenye kila silabi. Abadilishe mtu neno moja kwa makusudi, na wenzake waseme limekwaa wapi. Baada ya hapo majina yataingia yenyewe, kwa kuwa kila jina litakuwa na kitu cha kukishikilia. Wazazi nao wanaweza kufanya hivyo hivyo jikoni, wakati wali unakauka, bila kitabu.

Na ule ubeti wa mvuvi bado hauna mwenzake. Msikilizaji mwenye hamu autungie wa pili: mishororo minne, mizani 16 kila mmoja, vina vya ni katikati na ka mwishoni, na uanze na maneno "Baba apate kufika". Akimaliza, asiuandike kwanza. Auseme kwa jirani yake, na amsikilize kama anaitikia.